Mboga Mlangoni: Bustani ya Kopo na Gunia

Leo hatutaongea juu ya dawa wala sindano. Tutaongea juu ya debe lililotoboka, gunia kuukuu na ndoo iliyovunjika mkono, na jinsi vitu hivyo vinavyoweza kumpa mtoto wako mboga za majani kila siku ya mwezi, hata tarehe 28.

Tarehe 28 nimeitaja makusudi. Hapa Kitengela wengi wetu tunaishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi au kwa kibarua cha siku, iwe ni kule EPZ Athi River, kwenye mashamba ya maua au kwenye mjengo. Juma la kwanza sahani inapendeza. Juma la nne ni ugali na mchuzi wa nyanya mbili, na shilingi zilizobaki zinagombaniwa na unga, makaa na maji. Mtu mzima atavumilia siku hizo. Mtoto wa miezi 8 hawezi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huanza kuisha anapofika miezi 6 hivi, tumbo lake ni dogo kama ngumi, na mwili wake unakua mbio. Asipopata chakula cha kumjenga, damu hupungua. Utamwona anachoka upesi, viganja vinakuwa vyeupe, hana hamu ya kula wala ya kucheza. Akikosa vitamini A pia, macho hupata shida jioni giza linapoingia, na ugonjwa mdogo kama kuhara au surua unamwangusha vibaya.

Sasa mboga za majani zina vitamini A nyingi, zina foliki, zina vitamini C na zina madini ya chuma kiasi. Kila mama anajua hivyo, amefundishwa kliniki mara nyingi. Shida si kujua. Shida ni kwamba fungu la sukuma wiki kwa mama mboga ni pesa, na pesa ikikatika, fungu la mboga ndilo la kwanza kuachwa. Ndiyo maana nasema mboga ya mtoto isikae sokoni peke yake. Ikae mlangoni, mahali ambapo mkono unafika bila kupitia mfukoni.

Utaniambia, dada, mimi sina shamba. Najua. Eneo hili lilikuwa malisho ya wafugaji, na ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Tangu hapo ardhi imekatwa na kukatwa tena hadi imekuwa ploti za hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 katika mji huu. Wengi wao wamepanga chumba kimoja au viwili, mlango unatazamana na mlango wa jirani, na katikati ni saruji. Bustani yetu basi ni lazima iweze kuishi juu ya saruji.

Na wewe unayetusikiliza kutoka Isinya, Bissil au Mashuuru, una nafasi ya kutosha lakini una shida yako. Katika boma, chakula cha mtoto ni maziwa, na maziwa ni chakula kizuri. Lakini mvua ikikosa, ng'ombe huhamishwa kutafuta malisho, na maziwa huhama pamoja nao. Tuliyaona hayo tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipopotea mfululizo na mifugo kufa kwa wingi katika kaunti hii. Makopo manne ya mboga hayawezi kuchukua mahali pa ng'ombe. Yanaweza kumwekea mtoto kitu cha kijani kwenye sahani wakati ng'ombe hawapo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, chakula kilipokuwa shida kubwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, shirika la Ufaransa liitwalo Solidarités lilisaidia familia za Kibera na Mathare kupanda sukuma na spinachi ndani ya magunia. Ukipita Kibera utaona gunia limesimama kando ya mlango likiwa limemea majani juu na ubavuni, kama mtu aliyevaa koti la kijani. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali nayo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Kwa hiyo usione haya. Unafanya kitu ambacho wengine wamejaribu na wamekula.

Tuanze na chombo. Chochote kinachoshika udongo kitafaa: mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20 uliokatwa juu, beseni lililopasuka, karai lililochoka, gunia la kilo 90, hata tairi. Dania na kitunguu cha majani zinatosheka na kopo lenye kina cha shubiri moja. Sukuma, spinachi na managu zinataka kina cha shubiri moja na nusu. Nyanya na hoho zipe mtungi mzima wa lita 20, la sivyo utapata majani bila matunda. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto, matano au sita. Chombo kisicho na matundu ni sufuria ya kuozesha mizizi.

Lakini kuna vyombo usivyotumia hata kama ni vya bure. Usitumie mkebe wa dawa ya kuogeshea mifugo au ya kunyunyizia mimea, hata ukiuosha mara kumi. Usitumie ndoo ya rangi wala kopo la oili ya gari, wala udongo wa karibu na pale wanapotengenezea betri kuukuu. Risasi iliyo ndani ya betri ni sumu, na hukaa kwenye udongo miaka mingi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za magari kilichafua mtaa mzima, na watoto wakapatikana na risasi katika damu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na huharibu akili ya mtoto polepole. Chombo kilichoshika chakula kitashika mboga. Kilichoshika sumu kitupwe mahali salama.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu udongo wa Kitengela umewakatisha tamaa wengi. Ule mweusi wetu, mvua ikinyesha unakuwa gundi, jua likiwaka unapasuka hadi mguu wa kuku unaingia. Ukiujaza peke yake kwenye debe, maji yatasimama juu na mizizi itakosa hewa. Kisha utakauka na kuachana na kuta za debe, na maji yote yatapita pembeni bila kugusa mmea. Uchanganye. Chukua karai 2 za udongo, karai 1 ya mchanga na karai 1 ya samadi iliyooza. Ukipata udongo mwekundu, bora zaidi. Na samadi, mama, hatuna sababu ya kuikosa katika Kajiado! Boma la mbuzi lililo karibu lina rundo la miaka. Omba gunia moja kwa adabu, na wakati mwingine hutaombwa hata shilingi. Hakikisha tu ni ile iliyokaa, nyeusi, inayomeguka mkononi na isiyo na harufu kali. Samadi mbichi huunguza miche, na ina vijidudu vya kuhara.

Ukitaka gunia, fanya hivi. Lisimamishe pale litakapokaa, maana likijaa hulibebi tena. Chukua mkebe wa kilo 2 uliotolewa kitako, uusimamishe katikati ya gunia na uujaze kokoto. Jaza udongo kuuzunguka, ukishindilia kidogo kwa mkono. Vuta mkebe juu, kokoto zibaki. Jaza tena kokoto, jaza tena udongo, vuta tena, hadi gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati kutoka chini hadi juu. Hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo nguzo, maji yatalowesha juu tu na miche ya chini itakufa kwa kiu huku ya juu ikinenepa. Acha gunia siku 2 au 3, ukilimwagilia, litulie. Kisha toboa vitundu ubavuni, shubiri moja kati ya kimoja na kingine, visiwe kwenye mstari mmoja wima. Chomeka mche wa sukuma au spinachi katika kila kitundu, mizizi ikilala ndani bila kukunjwa. Gunia moja kubwa hubeba miche 30 au zaidi, na ukikwanyua majani ya chini tu, ukaacha moyo wa mmea, utachuma kwa miezi mingi.

Panda jioni, jua likishapoa.

Nije kwenye jambo ambalo wataalamu wengi hulipita haraka, na mimi naona ndilo linaloamua kama bustani itaishi au itakufa. Bustani yako ipendeze. Nasema hivyo nikifikiria mwenye ploti. Gunia linalovuja tope mbele ya mlango, lenye majani yaliyooza na ndoo ya maji yaliyosimama, litaleta mbu na maneno. Jirani atalalamika, mwangalizi wa ploti atakuja, na Jumamosi moja utakuta limebebwa na takataka. Lakini bustani nzuri hutetewa hata na wasioimiliki. Mtoto wa jirani ataimwagilia. Mwenye ploti mwenyewe atawaonyesha wapangaji wapya.

Basi panga rangi kama unavyopanga nguo za sikukuu. Nyuma, karibu na ukuta, weka mmea mrefu: nyanya iliyofungwa kwenye kijiti, au terere ile yenye majani mekundu, ambayo inashinda maua mengi kwa uzuri. Katikati weka spinachi. Kuna mbegu ya spinachi yenye mashina mekundu na manjano, uliza dukani, inameremeta asubuhi kama imepakwa mafuta. Mbele, kwenye ukingo wa chombo, weka kinachoning'inia. Viazi vitamu vinafaa sana, majani yake hushuka kama shela, na majani hayo huliwa. Katika nafasi ndogo zilizobaki tia dania na kitunguu. Pilipili moja yenye matunda mekundu inatosha kupamba kona nzima, ila iinue juu ambapo mtoto hafiki, asije akajipaka machoni. Kama una ukuta wa mabati au ua, elekeza mche wa malenge upande. Maua yake ya manjano yatakupa sifa, majani machanga utapika, na lenge lenyewe ni chakula kizuri cha kumwachisha mtoto ziwa.

Vyombo vikiwa vya rangi kumi tofauti, vipake chokaa kwa nje vifanane. Chokaa ni bei nafuu na haina madhara ya rangi ya mafuta. Inua kila kimoja juu ya mawe mawili, ili sakafu isilowe na kuku wasikwangue. Mbuzi je? Mbuzi hana suluhisho ila kamba na urefu. Tundika.

Usichanganye mboga na maua usiyoyajua. Oliyanda, ule mti wa maua ya waridi unaopandwa sana kando ya barabara na kwenye lango, una sumu kila sehemu yake, na mtoto anayezoea kuchuma mlangoni hatofautishi. Katika bustani ya mtoto, kila kilichopandwa kiwe kinalika. Hata managu ina mipaka: majani yake hupikwa, lakini vile vitunda vyake vya kijani visivyoiva mtoto asile.

Jua ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Nyanya, hoho na terere hutaka jua la nusu siku au zaidi. Korido yako ikiwa na giza, usizilazimishe. Panda dania, spinachi na kitunguu cha majani, hizo huvumilia kivuli. Upepo wa hapa nao unakausha kopo dogo kwa siku moja, kwa hiyo yakusanye makopo pamoja yakingane.

Na maji? Hapo ndipo mama wa Kitengela ananiangalia vibaya, maana mtungi unanunuliwa. Sikiliza. Maji uliyooshea mboga na mchele yana kazi ya pili. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo pia yatafaa ukiyamwaga kwenye udongo, sio juu ya majani. Maji ya nepi usiyaguse, wala yale yenye dawa ya kung'arisha nguo. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kisha funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya maharagwe ili unyevu ukae. Kabla ya kumwaga, ingiza kidole. Kukiwa na unyevu kwenye kiungo cha pili, ngoja kesho. Miche mingi huuawa na huruma ya maji mengi.

Visima vyetu vingi vina chumvi. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo, na ncha za majani zimeungua. Weka ndoo chini ya paa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na mara moja moja mwagilia kwa wingi kwa maji hayo ya mvua, yaoshe chumvi itoke chini. Kwa kuwa tumetaja visima: baadhi ya visima vya Kajiado vina floridi nyingi, ndiyo inayowatia watoto meno ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kutibiwa yafaa zaidi kwa mtoto mdogo. Hayo tutayaongea siku yake.

Wadudu wadogo wa kijivu wakijikusanya chini ya majani ya sukuma, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo, rudia baada ya siku mbili. Usinyunyizie dawa mboga ambayo utaichuma kesho.

Sasa sahani. Mpaka miezi 6 mtoto ni maziwa ya mama tu, hata bustani ikiwa nzuri namna gani. Baada ya hapo anza na vijiko 2 au 3, huku ukiendelea kumnyonyesha hadi afike miaka 2 na kupita. Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata, sio baada, maana ukikata kwanza unamwaga uzuri wake. Vumbi la barabara ya Namanga halionekani, lakini lipo. Kata ndogo ndogo, pika dakika chache na mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Ponda na kiazi au ugali laini. Managu ikiwa chungu, changanya na terere, au malizia na maziwa kama wapishi wengi wa kwetu wafanyavyo.

Na magadi, jamani. Ziwa Magadi liko katika kaunti yetu hii hii, lakini hilo halitupi ruhusa ya kuweka magadi kwenye kila sufuria ya mboga. Yanalainisha na kuhifadhi rangi, ni kweli, huku yakiharibu vitamini. Majani machanga ya mlangoni hayahitaji kulainishwa.

Kamulia ndimu au tia nyanya mbichi iliyooshwa vizuri. Madini ya chuma ya kwenye majani huingia mwilini kwa shida, na vitamini C huyasaidia. Chai hufanya kinyume, inayazuia. Mtoto asipewe chai na chakula, na wewe mwenyewe mwenye mimba, ngoja saa moja au mbili baada ya kula.

Tusidanganyane, lakini. Majani peke yake hayamtoshi mtoto. Bado anahitaji yai, omena iliyosagwa, maharagwe, kipande cha ini ukipata. Ila shilingi uliyookoa kwenye fungu la sukuma inaweza kununua yai hilo, na hesabu hiyo naipenda kuliko zote. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kliniki, mama mjamzito asiviache kwa sababu ana gunia la managu. Kapsuli ya vitamini A pia iendelee kila miezi 6, kuanzia mtoto akiwa na miezi 6 hadi miaka 5. Na ukimwona amelegea, viganja vimekuwa vyeupe, miguu imevimba au mkono umekonda, usingoje mboga ziote. Mpeleke kituo cha afya leo, na kitabu chake cha kliniki.

Ukitaka kuanza juma hili kwa pesa kidogo, nenda duka la agroveti ununue paketi ndogo ya terere na ya dania. Terere utaikwanyua baada ya majuma 3 au 4, inaleta moyo upesi. Miche ya sukuma omba kwa jirani, na machipukizi ya shina la sukuma iliyozeeka pia yakivunjwa na kuchomekwa hushika mizizi. Mwachie mtoto anayetembea kopo moja liwe lake, alimwagilie kwa kikombe chake. Usishangae akila kutoka kopo hilo kile alichokuwa akikitema mezani.

Kipindi kijacho tutaongea juu ya maji ya kunywa ya nyumbani. Hadi wakati huo, kwaherini.